Kikombe cha Mama Mkwe

Wilhelmina hakuwa mtu wa kugeuziwa shingo akipita. Mfupi, mkavu, visigino vimepasuka, kanga moja kiunoni na nyingine begani, mwendo wa haraka wa mtu aliyeacha chungu jikoni. Kanisani alikaa benchi la nyuma, na kwenye jumuiya cheo chake kilikuwa kuosha vikombe watu wakishamaliza chai. Lakini kama kuna mtu katika mji wa Bariadi aliyewahi kupigana na mila kwa mchi na kibuyu, akakaribia kushinda, ni yeye. Tuna tabia mbaya ya kusimulia habari za washindi tu, kana kwamba walioshindwa hawakutoka jasho.

Ilikuwa mwaka tisini na sita. Bariadi ilikuwa bado wilaya tu, chini ya Shinyanga, na soko huria lilikuwa limeshaingia kwa miguu yote miwili. Enzi za nyuma mtu alipanga foleni tangu alfajiri apate mche wa sabuni. Sasa maduka yalifurika mpaka barazani, sabuni za kila rangi, mitumba, redio, na biskuti, biskuti za kila namna katika pakiti za kung'aa. Kilichoadimika sasa kilikuwa mfuko wenye kitu. Pamba nayo iliachwa wazi kwa kila mwenye lori. Makampuni ya watu binafsi yalikuja na mizani yao na makarani wao, na chama cha msingi cha ushirika kikabaki jengo, bango na popo.

Katika jengo hilo Marcelo, mume wa Wilhelmina, alikuwa karani wa mizani kwa miaka kumi na tisa. Mkulima akileta pamba yake, Marcelo ndiye aliyesema ni kilo ngapi, na wazee walimvulia kofia. Kisha ikaja barua ya mistari miwili kwamba amepunguzwa. Tangu siku ile alikuwa akinyoosha shati lake kila asubuhi, anakaa kwenye kiti barazani na kutazama malori ya watu yakipita yamejaa. Hakulewa, hakupiga mtu. Alikaa tu, na kukaa kwake kulimchosha mkewe kuliko kelele.

Wilhelmina akatafuta kazi, akaipata nyumbani kwa meneja wa mojawapo ya makampuni hayo ya pamba. Yaani ugali wa Marcelo ukawa unatoka kwa watu walewale walioufunga mzani wake. Hilo hawakulizungumza. Kuna mambo katika ndoa ambayo hukaa katikati ya chumba kama kabati kubwa, na kila mtu hupita pembeni.

Mke wa meneja aliitwa Nancy, mwanamke wa Moshi, mwenye haraka na mwenye huruma ya haraka vilevile. Alikuwa na blenda, na jenereta la kuiendeshea. Watoto wake walipokataa chakula, aliwatengenezea kitu alichokiita milksheki: ndizi mbivu, kipande cha papai, maziwa, halafu anavunjavunja biskuti ndani na kuwasha ile mashine inayopiga kelele kama nyigu ndani ya debe. Wilhelmina ndiye aliyeosha bilauri. Aliwahi kuonja yaliyobaki, na kilichomshangaza hakikuwa utamu. Ilikuwa kwamba zile biskuti hazikuonekana tena popote. Hazikusikika hata kwenye ulimi. Lakini bilauri moja ilimkalisha mtoto mpaka jioni bila kuuliza chakula.

Hilo alilihifadhi kichwani bila kujua litamfaa nini. Mwezi wa saba likamfaa.

Mayala, kaka yake wa kijijini Nkololo, alifika asubuhi moja akisukuma baiskeli, na juu ya kiti cha nyuma, amefungwa kwa kanga asianguke, alikuwa mama yao, Nyanjige. Alikuwa amekonda mpaka pete yake ya shaba ilimtoka kidoleni. Hospitali walimpima makohozi na kusema ni kifua kikuu. Wakampa vidonge, na sindano sitini: moja kila siku kwa miezi miwili, na lazima apigwe hapohapo mjini. Vitanda vya wodini vilikuwa vya wale wasioweza kutembea kabisa. Nesi alimvuta Wilhelmina pembeni na kumwambia waziwazi kwamba dawa zile ni kali, mgonjwa asipokula zitammaliza kabla ugonjwa haujammaliza. Mzani ukasema kilo thelathini na sita.

Sasa, asiyejua kwetu aelezwe. Mama mkwe na mwanamume aliyemwoa binti yake hawatazamani. Nyanjige alipewa chumba cha uani, na Marcelo akitaka kupita huko alikohoa kwanza, naye bibi aligeukia ukutani akajifunika kanga mpaka nyayo zipite. Kulala kwenye uwanja wa mkwe kwa ajili ya ugonjwa kunavumilika. Kula hakuvumiliki. Mama hatafuni chakula chini ya paa la mkwewe. Ni sawa na kuvua nguo mbele yake. Maji atakunywa, chai atakunywa, maana hata msafiri asiyejulikana hanyimwi maji. Lakini tonge, hapana.

Mjini walikuwapo wengi walioyaacha hayo. Katekista mwenyewe alikuja kumshawishi Nyanjige, akamweleza kwamba jambo hilo halimo katika amri kumi. Bibi alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akajibu kwamba Mungu hana mkwe, ndiyo maana hakuliandika. Katekista akaondoka akicheka, lakini Wilhelmina hakuona cha kuchekesha.

Siku za kwanza jirani yao Eufrasia alimwokoa. Nyanjige alivuka ua mara mbili kwa siku na kula ugali jikoni kwa Eufrasia, maana ule haukuwa uwanja wa mkwe. Lakini mume wa Eufrasia aliposikia ni kifua kikuu, alisema ana watoto wadogo, na huwezi kumlaumu mtu kwa kuwa na watoto wadogo. Eufrasia alikuja mwenyewe kusema hivyo, analia. Wilhelmina ndiye aliyembembeleza.

Zikafuata siku nne za chai ya rangi. Asubuhi Wilhelmina alimpeleka mama yake hospitali, wakipumzika mara tatu njiani, kisha yeye akaendelea kazini na bibi akarudi polepole peke yake. Jioni sahani ilikuwa palepale, imefunikwa, haijaguswa. Alimsihi, akamkaripia, akamlilia. Siku ya nne alimuuliza kama anataka kufa kwa ajili ya adabu.

"Mayu," alimwita mama yake kwa Kisukuma, "Marcelo hayupo hata hapa uani. Hakuoni."

"Nyumba inaniona," alisema Nyanjige.

Usiku ule Wilhelmina hakuwa na usingizi wa maana, na kulipopambazuka alikuwa ameshaamua. Kama mama anakunywa lakini hali chakula, basi atakula kwa kunywa.

Blenda hakuwa nayo, wala umeme wa kuiendeshea. Alikuwa na kisabo, kibuyu kile kikubwa cha kusukia maziwa, ambacho kila nyumba ya Kisukuma inacho. Alinunua maziwa kwa mama mmoja aliyeyaleta mjini kila asubuhi, ndizi akachukua gengeni, papai akapewa na Eufrasia aliyekuwa akitafuta namna yoyote ya kutubu. Biskuti alipewa na Nancy, zile zilizovunjika ndani ya pakiti. Mara ya kwanza akaharibu. Kisabo chake kilikuwa kimezoea mtindi; maziwa mabichi yalipoingia mle yalikatika mara moja, akapata mabonge na maji. Ikabidi atafute kibuyu kipya gulioni, akachemsha maji, akakisuuza mpaka uchungu wa mbegu ukaisha. Mara ya pili aliyaandaa mapema akayaacha mpaka mama arudi, papai likayafanya maziwa kuwa machungu kama shubiri. Akajifunza kwamba papai halisubiri mtu.

Mara ya tatu alifanya hivi. Biskuti alizitwanga kwenye kinu kidogo cha karanga, akazichekecha kwa kitambaa cha kanga kuukuu, na zilizobaki juu akazitwanga tena. Unga ule akauloweka kwenye maziwa ya vuguvugu mpaka ukalainika wote. Ndizi na papai akaviponda na kuvipitisha kwenye chujio la chai, kwa kijiko, taratibu, mpaka mkono ukafa ganzi. Akamimina vyote kwenye kibuyu, akaketi kwenye kigoda na kukisukasuka mapajani kwa muda wa kusali rozari nzima. Akaonja. Akakipitisha kinywaji kwenye chujio tena, kwa hofu tu. Alipomaliza palikuwa na kikombe kimoja kikubwa cha bati, kizito, laini, rangi ya udongo wa kichuguu.

Nyanjige alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa.

"Maziwa ya nani?"

"Yangu, mayu. Nimenunua kwa jasho langu."

"Na humu ndani?"

"Matunda."

Bibi alimtazama binti yake kwa muda. Wilhelmina alitazama kuku. Kisha Nyanjige akainua kikombe, akanywa funda moja, akatulia, akanywa tena mpaka kikombe kikawa kitupu, akajifuta mdomo na kushukuru: wabeja. Wilhelmina alikwenda nyuma ya choo akalia kwa furaha, na hiyo ndiyo furaha nzima iliyomo katika habari hii. Aliyeikosa hapa asiitafute mbele.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi. Aliamka saa kumi alfajiri kutwanga. Mchana Nancy alimruhusu akimbie nyumbani kwa saa moja, naye alikimbia kweli, akaandaa kikombe cha pili. Jioni cha tatu. Mikono yake ilinuka ndizi hata misani. Siku alizokosa biskuti alikaanga karanga akazisaga mpaka zikawa mafuta, lakini biskuti ndizo zilizompendeza zaidi bibi, na ndizo zilizoshibisha.

Kila Ijumaa nesi alimpandisha Nyanjige kwenye mzani. Na kila Ijumaa jioni Marcelo, ambaye siku hizo aliweza kumaliza wiki bila kuuliza lolote, aliuliza jambo moja.

"Mzani umesema ngapi?"

Thelathini na sita na nusu. Thelathini na saba. Thelathini na nane na robo. Marcelo aliitikia kwa kichwa kila namba, akaitafakari, na safari moja aliuliza kama nesi anahakikisha mshale uko kwenye sifuri kabla mgonjwa hajapanda. Mwanamume yule hakuwa na namna nyingine ya kumpenda mama mkwe wake. Hakuweza kumjulia hali uso kwa uso, wala hakuwa na kitu cha kumpa. Lakini kilo alizijua. Wiki ya sita zilipofika thelathini na tisa alitabasamu, na Wilhelmina akakumbuka kwamba mumewe ana mwanya.

Sindano ya arobaini na moja iliangukia siku ya wageni. Wakubwa wa kampuni walitoka Dar es Salaam kuja kuona ununuzi wa pamba, na Nancy alimwomba Wilhelmina asitoke mchana, siku hiyo moja tu. Wilhelmina alifikiri: mama amekunywa asubuhi, atakunywa tena jioni, kikombe kimoja akikosa hatakufa. Akakubali. Mtu hulaumiwa kwa makosa makubwa, lakini makosa makubwa tunayaona yanakuja. Haya madogo ndiyo hupita chini ya mlango.

Yaliyotokea nyumbani alisimuliwa jioni na Marcelo mwenyewe. Alikuwa barazani. Saa sita ikapita, saa saba ikapita, mkewe hajatokea. Akamsikia bibi uani akikohoa, kile kikohozi cha tumbo tupu. Akafikiri kilo zile zitashuka. Akainuka. Akaenda dukani, na kwa fedha ya mwisho aliyokuwa nayo mfukoni akanunua pakiti ya biskuti, si zile zilizovunjika bali nzima, zenye krimu katikati. Maziwa yalikuwapo kwenye sufuria, ndizi zilikuwapo. Alifunga mlango wa mbele na wa nyuma na kuteremsha pazia, maana mwanamume kusuka maziwa ni kichekesho cha miaka mitano, akaketi kwenye kigoda cha mkewe na kukitikisa kibuyu.

Alikuwa amemwona Wilhelmina akirudi na biskuti na akitikisa kibuyu. Kutwanga hakukuona, kwa kuwa huko kulifanyika yeye akiwa amelala. Kuchekecha, kuloweka, kuchuja mara mbili, hayo hakuyajua kabisa. Na Wilhelmina hakuwahi kumwambia, kwa sababu siri aliyomficha mama ilimwia rahisi zaidi akiitunza peke yake. Marcelo alivunja biskuti kwa vidole, zote, pakiti nzima, akazidumbukiza kwa mdomo wa kibuyu pamoja na vipande vya ndizi, akamimina maziwa. Miaka kumi na tisa ya mizani ilimfundisha kwamba kilicho kizito ndicho chema. Naye aliamini, kama mtu yeyote wa kwetu angeamini, kwamba kilichotoka kwenye kibuyu na kuingia kwenye kikombe ni kinywaji. Akakiweka kikombe juu ya kigoda mlangoni pa chumba cha uani, akakohoa mara mbili, akarudi ndani, akasimama nyuma ya ukuta kusikiliza.

"Amekunywa chote," alimwambia mkewe. Alikuwa amesimama, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho Wilhelmina hakuwa amekiona tangu ile barua ya mistari miwili. "Kilichukua muda, lakini chote. Ijumaa mzani utaongea."

Wilhelmina alisema asante. Alikwenda jikoni kuosha kibuyu. Akakigeuza, na juu ya bakuli vikaanguka vipande vya biskuti, vimevimba, vingine vikubwa kama ukucha wa dole gumba, bado vina alama za maandishi ya kampuni iliyovioka. Alivitazama. Akaacha kila kitu, akaenda uani.

Chumba cha uani kilikuwa kimefagiliwa. Nyanjige alikuwa ameketi juu ya mkeka, mgongo umenyooka, vitu vyake vimefungwa kwenye kanga. Kikombe kilikuwa kimeoshwa na kufunikwa chini. Alisema anataka Mayala aitwe amrudishe Nkololo.

Wilhelmina alipiga magoti. Alimwambia zimebaki sindano kumi na tisa tu. Alimwambia kilo thelathini na tisa. Alimwambia ni bahati mbaya, haitarudiwa. Bibi alimwacha aseme yote.

"Leo nimetafuna kwa mkwe," alisema. "Siwezi kulala tena hapa."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya. Mtu aliyekasirika hupoa. Siku mbili Wilhelmina alihangaika: alimwendea Eufrasia kuomba hata kona ya banda la mbuzi, mume wa Eufrasia akakataa, alimwendea Nancy, ambaye alitoa shuka, sukari na huruma yake ya haraka, lakini chumba hakuwa nacho, alimwendea nesi, naye nesi akasema vidonge anaweza kumpa vya kuondoka navyo, sindano haziwezi kwenda Nkololo. Siku hizo mbili Nyanjige hakunywa hata maji. Siku ya tatu Mayala alikuja na baiskeli.

Marcelo alikohoa, akapita mpaka kwenye kona ya nyumba, akasimama amegeuza mgongo kama inavyotakiwa, na kwa sauti akamtakia mama safari njema. Nyanjige, aliyejifunika, alimjibu kwa Kisukuma kwamba Mungu ambariki kwa ukarimu wake. Alimaanisha. Baadaye Marcelo aliuliza kwa nini ameondoka kabla ya kumaliza dawa, na Wilhelmina akasema wazee wakikumbuka kwao hawashikiki.

Nkololo bibi alikula. Alikula ugali na mlenda na maziwa ya ng'ombe wa mwanawe, mchana kweupe, akitafuna kwa sauti. Kwa wiki tatu hata alionekana kunawiri, na Mayala akatuma salamu kwamba hospitali za mjini zinazidisha tu mambo. Wiki ya tano akaanza kukohoa damu. Kumrudisha mjini alikataa, na wakati alipokuwa hana tena nguvu ya kukataa, hakuwa pia na nguvu ya kufika.

Wilhelmina aliomba ruhusa akaenda kumuuguza. Alikuta watu wanang'oa mabua ya pamba na kuyachoma, moshi umetanda mashambani. Alimkalisha mama yake, akampangusa, na jioni moja walipokuwa wawili tu akasema jambo lililomkaa kooni miezi miwili. Alisema amsamehe kwa kumdanganya, maana katika vile vikombe vyote mlikuwa na biskuti.

Nyanjige alifumba macho.

"Nilijua," alisema. "Toka siku ya kwanza. Nimesaga nafaka tangu nikiwa binti mdogo, mimi nisijue unga ukiwa mdomoni?"

Wilhelmina akauliza kwa nini basi alikunywa.

"Kwa sababu ulinisagia." Alipumzika, akavuta pumzi. "Ulinifichia aibu yangu, na mimi nikajificha humo. Kila alfajiri nilikuwa nasikia mchi. Nikasema, mwanangu anataka niishi, acha ninywe. Lakini yule alinipa chakula, nikakikuta mdomoni, naye yuko nyuma ya ukuta anasikiliza. Ningetema? Ukitema chakula cha mkwe umemtemea yeye. Nikatafuna mpaka kikaisha. Baada ya hapo ningebaki vipi?"

Wilhelmina alilia, akasema angemweleza Marcelo tangu mwanzo haya yote yasingetokea.

"Usimwambie," alisema mama yake. "Hata sasa usimwambie. Alifanya kwa moyo mweupe, na hana kitu kingine."

Alikufa siku ya tano baada ya hapo, kabla ya mvua za kwanza. Marcelo alikuja mazikoni na shati lake lililonyooshwa. Alichimba kaburi pamoja na wanaume wengine, tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kumwachia mtu jembe, mpaka wazee wa Nkololo wakasema Nyanjige alipata mkwe.

Walirudi Bariadi baada ya matanga. Siku nyingi Wilhelmina, aliyemjua Marcelo, aliona kwamba kuna neno analolizungusha. Jumapili moja, wameketi barazani baada ya misa, akalitoa.

"Siku ile," alisema, "yale maziwa yangu. Mama aliwahi kukwambia aliyaonaje?"

Wilhelmina alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua macho. Alitafuta jibu ambalo halikuwa uongo, na lilikuwapo moja tu.

"Aliyamaliza yote," alisema.

Marcelo aliitikia kwa kichwa taratibu, jinsi alivyokuwa akifanya zamani mshale unapotulia. Ile sura ya jioni ile ikamrudia, na mwanya ukaonekana.

"Basi," alisema, "hata kama hakupona, angalau siku moja alishiba kwangu."

Wilhelmina aliendelea kuokota mawe madogo kwenye mchele, moja moja, mpaka akawa haoni tena lipi ni jiwe na ipi ni punje.